Waya Ukatwe

4 Februari

Kwa mpwa wangu,

Ninaomba radhi kwa kimya cha miaka minne. Sikunyamaza kwa kusahau. Nilikuwa nikingoja wewe uanze, kwa kuwa mdogo ndiye humwandikia mkubwa kwanza. Hukuanza. Tangu mwaka huu uingie nimekupigia simu mara sita, na mara zote sita imelia mpaka ikachoka. Kwa hiyo nimerudi kwenye karatasi.

Sisi hapa nyumbani hatujambo. Mama yako bado yuko kwangu, katika chumba cha mbele chenye dirisha la kutazama barabara. Nyonga yake inapona polepole. Kila Alhamisi asubuhi ninampeleka hospitali kule bondeni akanyooshwe mguu, na sasa anatembelea mkongojo mmoja badala ya miwili. Bati la jikoni lilikuwa likivuja, nimeliziba. Kufundisha nimestaafu, kama ujuavyo, lakini bado ninasahihisha maandishi ya watu wanaoniletea.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Pikapu ya marehemu baba yako ndiyo tunayopanda kwenda huko hospitali. Mwezi Desemba niliibadilishia viatu vya breki katika magurudumu ya nyuma, maana vya zamani vilikuwa vimekwisha kabisa. Tangu hapo breki za nyuma zinashika sana. Niambie sababu ni nini. Andika kwa sentensi kamili, wala usichanganye na mambo mengine.

Mimi, kaka wa mama yako.

27 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Huko ndiko kushika pekee utakakopata kwangu.

Huku mimi mzima. Nakaa vyumba viwili nyuma ya gereji ninapofanya kazi. Ukuta mmoja tu unatenganisha kitanda changu na meza ya vyuma, kwa hiyo asubuhi siamshwi na jogoo, naamshwa na nyundo. Mwambie mama nimeacha sigara kama nilivyomwahidi.

Simu sikupokea kwa sababu kwenye simu hunisahihisha kabla sijamaliza neno. Kwenye barua angalau nafika kwenye nukta.

Unauliza kwa nini breki zinashika. Zinashika kwa sababu ni nzima. Breki kazi yake ni kushika. Umefunga viatu vipya, zinashika sana, halafu unalalamika? Ni kama mtu kulalamika kwamba kisu chake kinakata. Siku zikiacha kushika ndipo uandike, tena mbio. Lakini nashangaa. Wewe ndiye uliyesimama mbele ya watu siku ya mazishi ya baba ukasema asiyejua kuandika barua hawezi kukabidhiwa gari, ukautia ufunguo mfukoni mwa koti lako. Leo unamuuliza huyohuyo asiyejua kuandika?

Endesha, Mjomba. Gari yako nzima.

Mimi, fundi.

14 Machi

Kwa mpwa wangu,

Barua yako niliipokea. Hatujambo, isipokuwa mama yako ana nyuzi nne juu ya jicho la kushoto. Nitakueleza alivyozipata.

Nilifuata ushauri wako. Niliendesha. Alhamisi iliyopita kulikuwa na manyunyu tangu alfajiri. Tulipofika kwenye kona ya posta, palipo na mteremko mkali, nilikanyaga breki kidogo tu, kama ninavyokanyaga siku zote. Magurudumu ya nyuma yaliacha kuzunguka, yakawa yanateleza kama sabuni. Nyuma ya gari ikataka kuipita mbele. Tuligeuka tukawa tunatazama tulikotoka, kisha ubavu ukagonga ukuta wa posta. Mama yako alijigonga uso kwenye nguzo ya mlango. Hakulia. Alisema, "Kaka, tumefika au tunarudi?"

Karani wa posta ndiye aliyemfunga kitambaa. Mimi nilibaki nimeshika usukani, na ilibidi nifunguliwe vidole.

Ninataka ujue kwamba neno langu lilikuwa sahihi. "Kushika" ni kukamata na kutoachia. Niliandika "zinashika sana", na mtu mwenye akili angeuliza "kivipi". Wewe ulifanya mzaha wa kisu. Basi kisu hicho kimemkata mama yako. Aidha, si "gari yako nzima". Ni "gari lako zima". Nalo halikuwa zima.

Mimi, kaka wa mama yako.

25 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Nilimpata mama kwa simu ya jirani yenu. Anasema haumwi. Najua anadanganya, kwa sababu alicheka kabla sijasema kitu cha kuchekesha. Nilimwomba akupe simu, akaniambia umekataa, unataka maandishi. Haya, maandishi.

Neno lako halikuwa sahihi. Mwambie fundi yeyote duniani kwamba breki zinashika, atakwambia hongera. Gurudumu likigoma kuzunguka tunasema breki zinafunga. Ungeandika "zinafunga", ningekukataza siku hiyohiyo usimpandishe mtu. Lakini neno la gereji lina grisi, wewe hukutaka kulishika. Ulitaka la kwenye kamusi. Sasa kamusi imeshonwa nyuzi nne.

Mama asipande gari hiyo mpaka nijue kuna nini. Mtafutie teksi. Na wewe usiitoe uani. Tafuta fundi mwenye jeki, fanyeni haya kwa mpangilio huu, kisha unijibu. Usiyasahihishe maswali yangu. Yajibu.

Inueni nyuma, achieni hendibreki, mzungushe kila gurudumu kwa mkono. Linazunguka lenyewe au linakwaruza? Kama lipo linalogoma, fungueni ile skrubu ya kutolea hewa hapohapo kwenye gurudumu. Mafuta yakiruka na gurudumu likaachia, ujue mafuta yamenaswa njiani, na tutautazama mpira wa breki au masta silinda. Yasiporuka na gurudumu likabaki gumu, ni chuma: kebo ya hendibreki, springi za viatu, au kutu. Halafu mvue ngoma zote mbili, yale makopo ya chuma yanayofunika viatu, mtazame ndani. Viatu vimelowa mafuta ya difu, yale ya kwenye ekseli? Kiatu kilicholowa hakikamati polepole, kinakamata kwa pupa.

Mwisho, na hili ndilo nalitaka zaidi: inafunga ikiwa tupu, au ikiwa na mzigo?

Sitaki maoni yako. Nataka ulichokiona kwa macho.

Mimi, fundi.

9 Aprili

Kwa mpwa wangu,

Hatujambo. Mama yako ametolewa nyuzi. Anakwenda hospitali kwa teksi ya mtu anayeimba njia nzima, na anadai safari zimekuwa fupi kuliko zilivyokuwa na mimi.

Neno "kufunga" nimelikubali kwa matumizi ya gereji tu.

Fundi niliyempata tunamwita Baadaye, kwa sababu ndilo jibu lake kwa kila anachoulizwa. Alikuja siku ya tatu baada ya siku aliyoahidi, amebeba jeki begani kama mtoto mgonjwa. Nilisimama naye tangu mwanzo hadi mwisho nikiandika daftarini. Magurudumu yote mawili ya nyuma yalizunguka bila kukwaruza. Skrubu tulizifungua hata hivyo. Mafuta yalidondoka, hayakuruka. Ngoma zilivuliwa. Ndani ni pakavu, viatu vimekaa sawa, springi zote zipo, kebo ya hendibreki inakwenda na kurudi. Baadaye akajifuta mikono, akasema, "Mzee, gari hili halina ugonjwa." Nikamjibu kwamba ukuta wa posta una maoni tofauti.

Kuhusu swali lako la mwisho. Mwezi Januari nilimbebea jirani mchanga mara mbili, kwenye mteremko uleule, tena siku za mvua, na gari likasimama kwa adabu. Likiwa tupu ndipo linapofunga. Hilo nililiona tangu mwanzo, ila sikuliandika kwa kuwa halina mantiki. Kizito ndicho kinachopaswa kusumbua.

Kuna jambo moja lisilohusika. Chini ya gari, karibu na ekseli ya nyuma, kuna kifimbo cha chuma kilichoinuliwa juu kikafungwa kwa waya. Baadaye hakujua kazi yake, akataka kuukata. Nilimkataza. Waya huo ni kazi ya marehemu shemeji yangu, na sitaki mtu avuruge alichokiacha.

Mimi, kaka wa mama yako.

13 Aprili

Mjomba,

Hiyo waya imefungwaje? Mizunguko mingapi, na ncha yake imeishia wapi? Nenda ukatazame mwenyewe, usimtume Baadaye. Ujibu mara hii hii.

17 Aprili

Kwa mpwa wangu,

Unaulizwa hali husemi, unaamrisha. Nimetazama. Ni waya wa mabati wa kawaida. Umesokotwa mara tano, na ncha imekunjwa ndani ili isimchome mtu. Nimechafua shati. Sioni swali lako linahusu nini.

28 Aprili

Mjomba,

Leo sikuamkii.

Mara tano, ncha ndani. Huo ni mkono wangu. Niliifunga mimi, baba alinishikia koleo tu.

Kifimbo hicho kina kazi moja. Kinaendesha valvu inayogawa nguvu za breki. Gari ikibebeshwa, mwili wake unashuka, kifimbo kinapanda, valvu inafunguka, na breki za nyuma zinapata nguvu zote. Gari ikiwa tupu, kifimbo kinashuka na nguvu za nyuma zinapunguzwa, kwa sababu nyuma ni nyepesi, na gurudumu lisilo na uzito linafunga upesi. Hiyo ndiyo mantiki uliyoikosa.

Baba alipoanza kubeba mawe tuliongeza majani ya springi. Kuanzia hapo mwili ukawa haushuki hata tukipakia mlima mzima. Valvu ikawa inadhani gari iko tupu, na breki za nyuma zikawa dhaifu. Ndipo nikakiinua kifimbo nikakifunga. Machimbo yako juu, mji uko chini. Baba akipanda yuko tupu, akiteremka amejaza. Kwa kazi ile ilikuwa sawa.

Mawe yaliisha siku baba alipoisha. Gari bado inaamini imebeba. Miaka yote hii viatu vya zamani vilikuwa vimechoka, havikuwa na nguvu ya kukudhuru. Ulipoweka vipya, uongo ukaota meno.

Unasema jambo hili halihusiki. Mimi sikuondoka bila kusema. Miezi mitatu baada ya mazishi nilikuandikia ukurasa mmoja, kwa sababu ufunguo ulikuwa kwako na mama alikuwa anapanda humo. Nilikuwa na hasira na wewe mpaka kalamu ikatoboa karatasi, lakini niliandika. Ulinirudishia barua yangu mwenyewe. Hukutia jibu ndani yake, ulitia wino mwekundu. Makosa kumi na tisa. Alama nne kwa ishirini. Chini ukaandika "Rudia".

Sikurudia. Nimeitunza miaka minne kwenye sanduku la spana, na leo nakurudishia. Tazama mstari wa saba.

Kisha kata waya hii. Ukiikata usipakie mchanga wa jirani tena mpaka majani tuliyoongeza yatolewe. Na ukitaka, weka duara kwenye "hii".

Mama namtaka huku. Chumba cha pili kiko tayari, hakina ngazi, na hospitali ni mtaa wa pili. Usimjibie. Muulize.

Mimi, uliyempa nne kwa ishirini.

16 Mei

Kwa mpwa wangu,

Nimechelewa kukujibu kwa siku kadhaa, na sababu zake utaziona humu ndani. Hatujambo. Jirani amekasirika kuhusu mchanga. Mama yako sasa anatembea kutoka kitandani hadi mlangoni bila mkongojo, akijidai kwamba ameusahau.

Barua mbili zimefika, ya sasa na ya zamani. Ya sasa nimeisoma bila kalamu mkononi.

Katika ile ya zamani, mstari wa saba unasema: "Mawe yameisha kwa hiyo waya ikatwe, gari itafunga ikiwa tupu." Mwandiko mweusi ni wako na mwekundu ni wangu. Herufi ya kwanza ya "ikatwe" nimeizungushia duara, na juu yake nimeandika "u". Waya ukatwe. Kando nimeongeza: "Angalia upatanisho." Kwa hiyo siwezi kusema kwamba sikuufikia mstari huo. Niliufikia, nikakaa juu yake kwa muda unaotosha kuchora duara, nikaendelea na wa nane. Niliiona herufi. Sikuuona waya.

Neno "itafunga" nimelipigia mstari pia, na juu yake nimeandika "itashika".

Nimehesabu upya. Makosa ni kumi na manane. Hilo moja halikuwa lako.

Waya umekatwa. Baadaye alinyoosha mkono apewe koleo, sikumpa. Nililala chini ya gari kwa umri wangu huu, juu ya gunia, nikaukata mwenyewe katika mzunguko wa tatu. Kifimbo kilishuka chenyewe. Tulisubiri siku ya mvua, nikaenda na pikapu tupu mpaka kwenye kona ya posta. Mama yako alikataa kubaki nyumbani. Yule dereva anayeimba alimleta, naye mama yako akasimama kando ya ukuta, palepale rangi yetu ilipobaki. Niliteremka, nikakanyaga breki. Mbele palishika, nyuma pakafuata taratibu, gari likasimama limenyooka. Nikarudia mara nne. Mara ya tano alinipungia mkono niache, akisema karani wa posta amefunga dirisha kwa kuogopa.

Usidhani nimebadili maoni yangu kuhusu mwenendo wako. Kuacha simu ya mkubwa ilie mara sita ni utovu wa adabu, hata kama mkubwa huyo amekosea. Na kumwandikia mjomba wako "leo sikuamkii" ni jambo ambalo baba yako asingeliruhusu. Ungeweza pia kuiandika barua ile mara ya pili. Hukuiandika kwa kiburi, na kiburi hicho kilipanda gari pamoja na mama yako kila Alhamisi, kikikaa bega kwa bega na changu.

Alitaka asomewe barua zote, zako na zangu, tangu ya Februari. Nilimsomea mezani pake bila kuruka kitu, hata pale uliponitukana. Pa kamusi alicheka, ila hakucheka mapema. Nilipomaliza alishika paji la uso, hapo palipo na kovu, akasema, "Mmoja hajui kuandika, mwingine hajui kusoma, na mimi ndiye niliyeshonwa."

Sikuwa na la kusahihisha katika sentensi hiyo.

Kisha aliniuliza kama bado ninayaamini maneno niliyoyasema siku ya mazishi. Nilimwambia bati la jikoni limeanza kuvuja tena, nikapanda juu kulitazama. Halivuji.

Nilimuuliza kama anataka kuhamia kwako, kama ulivyoagiza, wala sikumjibia. Nilimweleza kuhusu chumba kisicho na ngazi na hospitali ya mtaa wa pili. Nilimweleza pia kwamba gari sasa linasimama, na kwamba anaweza kubaki. Hakusema ndiyo wala hapana. Alisema, "Nipeni kwanza ufunguo." Nilidhani anatania. Alinyoosha kiganja na hakukiondoa. Nilitafuta kwenye koti, mfuko uleule, nikautoa. Sasa uko shingoni mwake kwa uzi wa kufumia, na Alhamisi hii tumekwenda hospitali baada ya yeye kunipa, na tuliporudi nyumbani akaudai.

Anataka muda. Anatazama barabara kutoka dirishani, na akiniona mlangoni ananiambia nisisimame hapo kama msimamizi wa mtihani.

Akiamua kuja kwako, au kubaki, au kukupa wewe ufunguo, nitakuandikia siku hiyohiyo. Nitaandika maneno yake kama yatakavyotoka kinywani mwake, na sitagusa hata herufi moja.

Mimi, mjomba wako.